Mwizi wa Usingizi Wangu

Mimi ni fundi breki katika gereji ya mabasi, tena ni Singasinga. Gerejini wananiita Mama Kilemba, na jina nimelipokea kwa mikono miwili. Kila alfajiri, mtaa mzima ukiwa bado unakoroma, naamka, naoga maji baridi, nakaa chini kusali mpaka kupambazuke. Ndivyo alivyonilea marehemu baba, na hajazaliwa wa kunibadilisha.

Kilemba chetu kinataka watu wawili. Kitambaa ni kirefu, kwa hiyo mmoja anashika ncha ya huku, mwingine ya kule, kinavutwa ndipo kikunjwe. Msaidizi wangu ni baba watoto. Anavuta macho yamefumbwa, kisha anarudi kitandani kama mtu aliyemaliza kazi ya kutwa. Siku moja usingizi ulimpitia akiwa amesimama, nikajikuta navuta mume mzima.

Basi alfajiri moja nilikaa kama kawaida, nikaanza kusali kwa sauti. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe akaja mlangoni, shuka begani.

"Mwanangu, hiyo ni sala ya kulala."

Kweli. Sisi tuna sala ya alfajiri, tuna ya jioni, tuna na ya kulala, na mimi nilikuwa naiaga siku ambayo hata haijaanza.

"Mwili umeshasema huo," akaniambia. "Rudi ukalale. Mungu anaona unavyohangaika. Hata mimi nilipokuwa na watoto wachanga nilisali kitandani."

"Wewe mama ulikuwa na watoto wachanga. Mimi nina mabasi."

"Hayo mabasi yataniulia mkwe."

Alisema kwa mapenzi, nami nilikasirika vilevile. Nikaanza sala ya alfajiri kutoka mwanzo.

Siku hiyohiyo nilisinzia chini ya basi, spana kifuani. Bosi alinigutusha kwa kupiga teke ubao niliolalia, mbele ya mafundi wote.

"Mama Kilemba! Umelala?"

"Nimesinzia, bosi."

"Breki hizo zinabeba roho za watu!"

Hapo alisema haki, na iliniuma. Lakini hakuishia hapo.

"Ni hayo maombi yako ya gizagiza yanayokumaliza. Chagua. Ama uyaache, ama nikutoe kwenye breki ukashike ufagio."

Kila mtu anaijua saa ninayoamka, na hakuna anayeuliza saa ninayofika nyumbani. Kazi yetu inaisha jua likiwa bado linawaka uani. Ila kila jioni bosi hutokea, funguo zinalia mkononi, anasema, "Jamani, dakika tano tu." Hizo dakika tano huzaa basi lingine, na hilo huzaa lingine. Nafika nyumbani watoto wameshalala, nakula nimesimama, naanguka kitandani bila kutamka hata neno moja la sala ya kulala. Ndiyo maana ilinitoka alfajiri, ilikuwa imekosa saa yake.

Nikainuka, nikajipangusa grisi.

"Usingizi wangu una mwizi, bosi, lakini si Mungu. Ni wewe na dakika tano zako."

Nyuma yangu mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Jioni funguo zikalia. "Jamani, dakika tano tu." Nikaenda bombani, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Ukitoka sasa, kesho usije," bosi akasema.

"Nitakuja. Tena nitakuja nimeshiba usingizi."

Nilitoka. Niliogopa, nisidanganye, kwa sababu kazi hiyo naipenda na nyumba inaitegemea. Lakini nilikula nimekaa, watoto wakinipandia magotini. Kisha nikasali sala ya kulala, saa ya kulala.

"Leo umepatia," mama mkwe akasema kutoka upande wa pili wa ukuta.

Alfajiri maji yalikuwa baridi vilevile, na baba watoto alivuta kitambaa akipiga miayo vilevile. Mimi nilikuwa macho kabisa. Nilisali sala yangu yote, neno kwa neno, nikaenda kazini.

Bosi alikuwa amesimama langoni. Alinitazama machoni.

"Lile basi la jana..." akaanza.

"Nafungua breki zote, naanza upya," nikamwambia. "Sitaki liende barabarani na nati hata moja niliyoikaza nikisinzia. Na alfajiri yangu siiachi."

Alisogea pembeni, nikapita.

Jioni funguo zikalia tena. Alinikuta bombani, akanipita kama hanioni, akamwendea fundi wa matairi.

"Wewe bwana, dakika tano tu."

Fundi wa matairi akainua mikono yote miwili. Ilikuwa imejaa povu la sabuni.