Theluji ya Zagayu

Nimekuwa karani wa ghala la pamba hapa Zagayu kwa misimu kumi na tisa, na katika misimu yote hiyo hakuna lori letu hata moja lililorudishwa kutoka kiwandani kwa sababu ya uchafu. Naanza na hilo ili ujue unasimuliwa na mtu wa namna gani. Jani kavu, unyoya wa kuku, uzi wa nailoni, vyote navikamata. Mke wangu Esteria husema kwa jinsi nilivyo, hata yeye nilimkagua kabla ya kumwoa. Ni kweli, nilimkagua.

Binti yetu Winnie anasoma mambo ya filamu chuoni Mwanza, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kutengeneza video ya wimbo. Wimbo ulikuwa wa mwenzake Dastan, kijana mrefu mwenye sauti nzuri na akili za kubahatisha. Ndani ya wimbo analalamika kwamba mpenzi wake kahamia Ulaya, naye atamfuata hukohuko kwenye theluji. Walijaribu kutengeneza theluji kwa unga wa sembe, wakashinda wanakohoa. Ndipo Winnie akakumbuka kwamba baba yake analinda tani nane za kitu cheupe.

Nilimkatalia mara tatu kwenye simu. Mara ya nne akaniambia kwa sauti kavu kwamba asipopeleka video Ijumaa, anarudia mwaka. Kwetu ni hivi: Winnie akilia nashinda mimi, asipolia anashinda yeye. Nikamwambia waje Jumanne, maana Jumatano asubuhi lori lingekuja kuchukua mzigo. Mwenyekiti wetu wa ushirika, mzee Mahona, sikumwambia. Nilijua angekataa, na angekuwa na haki.

Niliweka masharti. Juu ya pamba hapandi mtu na viatu. Nywele zote zifungwe kitambaa, hasa za kusuka na rasta. Kila anayeingia apande kwenye mizani, na akitoka apande tena, nijue kama anaondoka na pamba ya watu.

"Baba, hii ni Ulaya," Winnie akasema.

Nikamjibu kwamba Ulaya hii ina karani.

Basi wakaingia Ulaya miguu mitupu. Dastan alivaa koti zito la mtumba na glovu, kichwani kajifunga kanga ya Esteria. Lukresia, msichana aliyeigiza kama mpenzi, alivaa koti lenye kofia kubwa. Juu yetu bati lilikuwa linawaka. Dastan alitakiwa kutetemeka kwa baridi huku jasho likimtiririka, na kila baada ya ubeti nilimsimamisha ili Esteria amfute kwa taulo, kwa sababu pamba ikilowa inaongezeka uzito na huo ni wizi. Walipotoka kupumzika, Dastan alikuwa amepungua kilo nzima. Lukresia alikuwa ameongezeka nusu kilo. Akasema amekunywa maji. Nikamwambia avue koti, nikatumbukiza kichwa ndani ya ile kofia, nikatoka na konzi nzima ya pamba. Akaomba radhi, nikamrudisha kazini.

Kosa langu lilikuwa kuacha mlango wazi. Jumanne ni siku ya kupima, na nje wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao. Walichungulia, wakauliza kinachoendelea, nikawaambia ukweli kwamba pamba yao inaigiza kama theluji. Nilidhani watacheka. Mayu Klementina, mama mtu mzima asiyetaniwa, hakucheka.

"Karani, hiyo iliyoko mbele ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya Bundala, mkulima mwenzake. Yake ilikuwa nyuma, imeshachanganyika. Akasema haiwezekani. Watu wa Dar wataona video, watadhani Zagayu tunalima theluji yenye majani. Akavua kandambili, akapanda kwenye mizani bila kuambiwa, akaingia na gunia lake la siku hiyo, akalimwaga mbele ya kamera na kukaa chini kuichambua. Bundala alipoona hivyo akaingiza la kwake. Baada ya saa moja nilikuwa na wakulima kumi na wanne wamekaa Ulaya, wanatoa vijani kimoja kimoja na kugombana theluji ya nani ni daraja la kwanza. Dastan akifika kwenye kiitikio anaambiwa asogee, anaziba pamba ya mtu. Misimu kumi na tisa nimewabembeleza watu hawa wachambue pamba kabla ya kuileta, na sikuwahi kuona lundo safi kama lile. Niliona fahari, sifichi.

Hapo Lukresia akashika jicho lake la kulia na kusema amepoteza kope.

Nywele nilizifikiria, viatu nilivifikiria. Kope za kubandika sikuzifikiria. Nilimwomba ile iliyobaki, nikaisugua vidoleni: nailoni. Kitu kama hicho kikiingia kwenye mashine kinakatikakatika na kutapakaa kwenye nyuzi, na mzigo wote unahesabiwa mchafu. Lori linarudi. Pamba ya wote kumi na wanne, jasho la tangu Novemba, inashushwa daraja kwa ajili ya jicho la msichana mmoja, na aliyemfungulia mlango ni mimi.

Nikafunga ghala. Dastan akasema kwamba ndani ya tani nane hakuna atakayeiona, na Klementina akamtazama mpaka akapiga magoti. Tuligawana lundo, kila mtu na upande wake, vichwa chini. Spika iliendelea kuimba, hakuna aliyekumbuka kuizima. Nilitambaa mahali Lukresia aliposimama, nikiinua pamba konzi kwa konzi, naiangalia kwenye mwanga wa dirisha, naiweka chini polepole nisiivuruge. Jua likahama upande wa pili. Na nililia. Niliwaona watu wale wameinama kimya, wala hakuna aliyenilaumu, nikashindwa kujizuia.

Hatukuipata. Nikasema naenda kwa Mahona kueleza. Wakulima wakakataa, wakapiga kura papo hapo: kumi na wanne nisiseme, mmoja niseme. Yule mmoja ni mimi. Asubuhi lori likaondoka na pamba yetu, nami nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaitia mfuko wa shati, niikabidhi siku mzigo utakaporudi.

Wiki tatu nilitembea na barua hiyo. Simu ikiita, nagusa mfuko wa shati. Nikisikia lori barabarani natoka nje kuangalia limebeba nini. Chakula kilinishinda, na Esteria akaanza kuulizia hospitali.

Kisha Winnie akaja. Alikuwa amefaulu, wa kwanza darasani, na alitaka nione video kabla ya mtu yeyote wa Zagayu. Tukakaa sebuleni, akashika simu mbele yangu. Dastan alionekana mwanzoni kidogo, na kanga yake, akitafuta pa kusimama. Halafu, mpaka wimbo unaisha, ni mimi. Mzee aliyepiga magoti kwenye theluji, anainua kila konzi, anaitazama, anairudisha chini kana kwamba ni mtoto amelala. Machozi yanamtoka. Winnie akasema walimu wameguswa sana, wameuliza huyu mzee amempoteza nani huko Ulaya.

Mwishoni kamera ilisogea karibu na uso wangu. Uso ulijaa pamba. Kwenye nyusi ya kushoto, nyeusi, imejikunja vizuri, ilikuwa imesimama kope ya Lukresia. Niliitoa mwenyewe kwenye ile kofia, kwa kichwa changu.

Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Ilikuwa palepale.

"Uliiona?"

"Niliiona, baba."

"Lini?"

"Mapema." Alikuwa anaangalia simu, haniangalii mimi. "Ningekwambia ungeacha kutafuta."

Nilikasirika, na nataka ijulikane kwamba nilikasirika. Lakini pia nilimtambua. Jicho lile halijali nani anaumia ilimradi mzigo utoke safi, na najua amelirithi kwa nani. Nikatoa barua mfukoni, imechakaa kwa jasho na kukunjwa mara nne, nikampa.

Aliisoma yote, akaisoma tena kuanzia tarehe. Kisha akalia, kwa sauti, mpaka Esteria akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nilishasema kwamba Winnie akilia nashinda mimi. Nilishinda, na sikutaka.