Tindo Namba Nne

Miezi minne ya kwanza hawakufanya kitu kingine ila kupiga tupa. Mtu anapewa kipande cha chuma chenye sura mbaya, anaambiwa akitoe pande sita zilizonyooka na pembe zilizosimama sawa. Anapiga tupa asubuhi, anapiga mchana, viganja vinatoka malengelenge, malengelenge yanapasuka, kisha Fundi Laurian anakuja na kipimo chake, anakiweka juu ya chuma, anachungulia mwanga unapopenya, na anasema neno moja tu: "Rudia." Wanaume kumi na mmoja walianza mafunzo pale kwenye karakana ya misheni, karibu na ziwa Singidani. Saba walikimbia. Kusema haki, hawana lawama.

Antipasi hakukimbia kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Shamba lake Ilongero lilikuwa limemnyima uwele misimu miwili mfululizo. Ng'ombe walikufa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na samadi tu. Alimwacha mkewe, Yunisi, na binti yao mdogo, Luciana, akaja kujifunza ufundi akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, ndevu kidevuni, akikalia benchi moja na vijana walioweza kumwamkia. Wakamcheka, naye akawaacha wacheke. Baada ya tupa wakaingia kwenye mashine ya kukereza, na baada ya mashine wakafundishwa kufungua pampu na injini na kuzirudisha zikiwa nzima. Miaka miwili ikaisha hivyo.

Katika wanne waliobaki, rafiki yake alikuwa Fabiano, kijana wa Iramba, mtoto pekee wa mama mjane. Fabiano ndiye aliyemfundisha Antipasi kusoma kipimo cha vinyweleo, ile mistari midogo inayoumiza macho. Alimfundisha jioni baada ya jioni, bila kumcheka hata mara moja, na Antipasi alipokosea alisema, "Haya kaka, tuanze tena," kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea.

Kisha ikaja habari. Mgodi wa dhahabu kule Sekenke ulitaka fundi wa mitambo. Mmoja. Angepewa nyumba ya bati, na kila Jumamosi angepimiwa posho ya unga na maharage, yake na ya familia yake. Mwaka ule wa njaa, watu waliposikia neno "unga" walinyamaza kama wamo kanisani. Bwana Mhandisi wa mgodi angekuja mwenyewe kuwapima, na mwenye kushinda angeondoka naye kwenye lori kesho yake asubuhi.

Mtihani ulikuwa wa sehemu tatu. Siku ya kwanza walikereza chuma cha mviringo kiingie kwenye tundu lake bila kulegea wala kubana. Siku ya pili walifunga pampu iliyofumuliwa. Jioni ya siku hiyo Mhandisi, Mzungu mrefu mwenye kusema polepole, alitangaza kwamba Antipasi na Fabiano wako sawasawa, na wale wengine wawili wako nyuma. Kwa hiyo siku ya tatu ndiyo ingekata maneno, siku ya tindo.

Tindo ni kitu kidogo, kipande cha chuma cha urefu wa shibiri chenye ncha bapa, kinachopigwa nyundo kukata chuma kingine. Kulifua na kulinoa si kazi. Kazi ni maji. Unalipasha moto mpaka ncha inakuwa nyekundu, unalichovya kwenye maji liwe gumu, kisha unalipasha tena kidogo mpaka ncha ichukue rangi ya bua kavu la uwele, unalichovya mara ya mwisho. Ukikosea, ama ncha inajikunja kama ya bati, ama inavunjika kama ya kigae.

Maji yenyewe yalikuwa ya kupimwa. Kisima cha misheni kilikuwa kimebaki na tope na nusu pipa, kikafungwa kwa kufuli. Laurian alimgawia kila mmoja ndoo moja asubuhi ile. "Ndoo moja, mtu mmoja," alisema. "Atakayemwaga asinifuate."

Antipasi alikuwa nyuma ya karakana, akisubiri zamu yake kwenye moto, alipomwona Yunisi kwenye ua wa miiba. Hakumtambua mara moja. Uso ulikuwa umebaki mifupa na macho. Mgongoni alikuwa na Luciana, na shingo ya mtoto ilikuwa imelegea upande.

"Yunisi! Kuna nini?"

"Mtoto anaungua tangu juzi," Yunisi alisema. Alikuwa ametembea tangu kabla ya mapambazuko, na sauti ilimtoka kwa taabu. "Nimegonga zahanati, wanasema mganga amekwenda kijijini, atarudi mchana. Baba Luciana, nipe maji."

Akaiweka ndoo chini. Yunisi alimnywesha mtoto kwanza, kidogo kidogo kwa kiganja, kisha akanywa yeye. Kisha akamvua mtoto kitambaa na kummwagia maji kichwani, kifuani, mgongoni, kwa sababu mwili ule ulikuwa moto wa kutisha, na Antipasi akamsaidia. Hakufikiri habari ya mtihani hata kidogo. Luciana akafumbua macho, akalia, na kilio kile kikawafurahisha wote wawili. Yaliyobaki Yunisi akayatia kwenye kibuyu.

"Nyumbani mnakula nini?" Antipasi akauliza.

Yunisi akatazama pembeni. "Tumekula mbegu."

Mkulima hana neno la kutisha kuliko hilo. Aliyekula mbegu hata mvua ikinyesha haimhusu. Antipasi alimwambia mkewe akae kwenye kivuli cha zahanati amsubiri mganga, na kwamba kabla ya jioni watakuwa na unga. Alisema hivyo kwa kinywa kikavu, ndoo tupu mkononi.

Angeweza kwenda kwa Laurian akamwambia ukweli. Pengine Laurian angegomba, kisha angempa maji. Lakini Antipasi aliliona ziwa lile pale, hatua mia mbili tu, limejaa maji yasiyonyweka, na akajiambia kwamba chumvi ni shida ya kinywa, chuma hakina ulimi. Tena alikumbuka kumwona Laurian akitia konzi ya chumvi kwenye maji ya kuimarishia tupa nene, akisema chumvi huongeza ugumu. Basi akaona amepata bahati. Akakimbia, akachota.

Hakujua kwamba jua la miaka miwili lilikuwa limelipunguza ziwa mpaka maji yakawa makali kupita konzi yoyote ya Laurian, wala kwamba ncha nyembamba haivumilii inachovumilia tupa nene. Alichovya. Chuma kilipiga kelele kali isiyo ya kawaida, kisha kikanyamaza. Alimaliza kazi yote, rangi ikatoka nzuri ajabu, akaenda kuliweka tindo lake kwenye meza ya mtihani, mahali palipoandikwa namba tatu kwa chaki. Namba nne palikuwa pa Fabiano.

Akaligonga kwa ukucha. Chuma kizima huimba. Hili lilitoa sauti fupi, ya kizibo. Akalisogeza kwenye mwanga na hakuona kitu. Akaligonga tena, na tena likamjibu vilevile. Ndani yake kulikuwa na ufa.

Fabiano akaligonga la kwake, likalia tiii, refu na safi. "Sikia hilo!" alisema akicheka. "La kwako je, kaka?"

"Lipo sawa," Antipasi akasema.

Maji yalikuwa yamekwisha, moto ulikuwa umezimwa, na Mhandisi alikuwa mlangoni akikunja mikono ya shati. Antipasi akawaza mbegu. Akawaza ile shingo iliyolegea. Alitaka kupiga magoti mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya yule Mzungu, lakini magoti hayakukubali.

Hapo kengele ya kanisa ikalia saa sita. Pale misheni kengele hiyo ikilia kila mtu husimama alipo, huvua kofia, huinamisha kichwa na kufumba macho kwa sala ya Malaika wa Bwana. Laurian alianza kusalisha. Mhandisi, ambaye hakuwa wa dhehebu lile, akageuka kwa heshima kutazama nje. Wanafunzi wakaitikia. Antipasi naye aliitikia, neno kwa neno, bila kukosea, huku mkono wake wa kulia ukichukua tindo lililo kwenye namba nne na kuliacha la kwake pale. Yalikatwa kwenye chuma kimoja, kwa kipimo kimoja. Hata mama wa Fabiano asingeyatofautisha. Waliposema amina na kufumbua macho, shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka kiunoni.

Kila mtu alitakiwa kupiga nyundo ishirini juu ya nondo iliyobanwa kwenye jiliwa. Namba moja ncha yake ilijikunja. Namba mbili ilifika kumi na nne ikamomonyoka. Antipasi alipiga zote ishirini, na Mhandisi akalipitisha dole gumba kwenye ncha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Namba nne."

Fabiano alikuja akitabasamu. Akapiga moja, mbili, tatu. Antipasi alihesabu pamoja naye, midomo ikicheza. Alijiambia kwamba ikifika tano atasema. Ikafika tano. Alijiambia kwamba labda ncha itajikunja tu, labda itamomonyoka kama ya namba mbili, na Fabiano ni kijana, atapata kazi nyingine, mwakani Mungu akipenda. Saba. Nane. Alifungua kinywa, naapa alikifungua. Kwenye nyundo ya tisa tindo likapasuka kwa mlio wa kijiti kikavu, na Fabiano akaiachia nyundo, akashika uso kwa mikono miwili, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Damu ilitoka katikati ya vidole. Walimbeba mpaka zahanati. Mganga, ambaye alikuwa amerudi na anamhudumia Luciana, alimwacha mtoto akaja kwake mbio. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alisema kipande kimetolewa, ila jicho la kulia limekwenda.

Laurian aliokota vipande vya tindo, akavipeleka kwenye mwanga, na akaona mahali chuma kilipokuwa kimebadilika rangi kwa ndani. "Ufa huu ulianzia kwenye maji," alisema kwa huzuni. "Alichovya vibaya. Kijana hodari kama yule!" Mhandisi akaandika jina la Antipasi kwenye daftari lake, akampa mkono, na akaagiza apewe debe la unga siku ileile kwa ajili ya familia.

Yunisi aliupokea unga akilia. Luciana alikuwa amepoa, dawa imemshika, na usiku ule alikula uji vikombe viwili. Yunisi alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Antipasi akamwambia anyamaze, kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha.

Asubuhi, kabla ya lori kuondoka, alikwenda kumuaga Fabiano. Alikuwa ameazimia kusema. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alimkuta kitandani, macho yote mawili yamefungwa kwa bendeji, na Fabiano alipomsikia akanyoosha mkono hewani kumtafuta.

"Kaka, hongera. Nimeambiwa."

"Fabiano..."

"Ngoja, nina swali. Sikulala nikiliwaza." Akaushika mkono wa Antipasi kwa nguvu. "Fundi anasema nilikosea kwenye maji. Nimerudia kila kitu kichwani na sioni nilipokosea. Wewe ulikuwa karibu yangu. Uliona?"

Nje lori lilikuwa limewashwa, na Yunisi alikuwa amekwisha panda na mtoto. Antipasi alisikia sauti yake ikimwita Baba Luciana, afanye haraka.

"Uliharakisha," akasema. "Ulichovya chuma kikiwa na moto mno."

Fabiano akakubali kwa kichwa.

"Kumbe," alisema. "Asante, kaka. Ningejiuliza mpaka nife."