Kuku na Taa ya Kijani

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Nikitia chumvi, nitaosha vyombo wiki nzima.

Binti yangu hujibu malalamiko ya wateja wa kampuni moja, akiwa hapa kwenye meza ya jikoni. Msimamizi aliwawekea wafanyakazi taa kwenye kompyuta. Kipanya kikitulia dakika tano, kijani inageuka nyekundu. Nyekundu tatu, huna kazi. Binti akawa anakula wima na chooni anakwenda mbio.

Siku moja alichoka. Akafunga kipanya kwenye mguu wa kuku, akamwaga mtama chini ya meza. Kuku akapekua, taa ikang'aa. Binti akamaliza barua zake zote, akala ameketi.

Mwisho wa mwezi msimamizi akamsifu kikaoni, wenzake wote wakiwa kwenye skrini. Binti akamwinua kuku mbele ya kamera.

"Msifu huyu, bosi. Barua zangu zipo, zisome. Mimi nina tumbo na mgongo. Ukitaka kijani, ajiri kuku."

Wenzake wakaachia vipanya. Dakika tano baadaye ofisi nzima ilikuwa nyekundu. Angemfukuza nani? Taa akaiondoa, na kuku akapewa likizo.

"Baba," binti anasoma ninayoandika, akichungulia begani kwangu, "sisi tuna kuku gani? Kipanya nilikifunga kwenye feni."

"Na uliyomwambia bosi?"

"Hayo ni kweli. Sinki lile pale."

Sasa ni saa yake ya mapumziko. Anakula taratibu, ameketi, akinitazama ninavyosugua sufuria.