Raketi Nne na Mkono Mmoja

Mchagua jembe si mkulima. Hayo ndiyo niliyomwambia mdogo wangu Abbasi siku aliponirudishia raketi yake akidai nimezikaza nyuzi kupita kiasi. Wiki iliyotangulia alikuwa amedai nimezilegeza. Nilimwambia kwa sauti kubwa, mbele ya wateja, na muuza soksi wa fremu ya jirani akacheka mpaka akashika mbavu. Abbasi hakucheka. Aliiweka raketi juu ya meza taratibu, akafuta mkono wake kwenye suruali kama mtu aliyeshika mafuta.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Lakini ukinigusa kwenye kuwamba, umenigusa pabaya. Baba yetu, Mwinyimvua, aliwamba vitanda vya kamba na ngoma hapahapa Kariakoo kabla sisi hatujazaliwa. Siku moja mzungu wa klabu ya tenisi ya mjini alimletea raketi iliyokatika nyuzi. Baba akaigeuzageuza, akasema hiki nacho ni kitanda tu, ila cha mtu mfupi sana. Akaiwamba. Tangu siku hiyo raketi zote za klabu zikawa zinaletwa kwake. Mimi nilikaa miguuni pake nikajifunza kuvuta nyuzi, na Abbasi ndiye aliyekuwa akitumwa kuzirudisha. Huko klabuni akachelewa kurudi, akachelewa tena, mpaka siku moja tukasikia anacheza, na anawashinda wenye raketi zao. Mimi nikarithi kazi, yeye akarithi mchezo.

Sasa nina fremu yangu Mtaa wa Sikukuu. Nauza jezi na mipira, na kule kona ya ndani raketi zinazotoka kwenye mabelo ya mitumba. Abbasi ni mwalimu pale klabuni, na uwanja ule ndio maisha yake. Mke alimwacha zamani, watoto hana, chumba chake Buguruni ni godoro na picha za mashindano ukutani. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakwambia nani kapiga vizuri jana. Kwa hiyo aliponieleza kuhusu Jumamosi, niliacha kumcheka.

"Mzee Abdulrazak kasema nicheze na Heriel," aliniambia. "Kamati nzima itakuwepo."

Mzee Abdulrazak ndiye mkubwa wa kamati ya tenisi, na Heriel ni mwalimu kijana aliyetoka Moshi, ana mabega kama mlango.

"Ucheze kwa sababu gani? We si mwalimu?"

"Wanafunzi wamesema raketi inanitoka mkononi. Kamati inataka kuona kama bado nafaa." Alitazama chini. "Dada, ni hii raketi. Inazunguka. Nitafutie nyingine."

Nikamtafutia. Kariakoo ukimjua mtu hunyimwi kitu cha kujaribu. Nilizunguka kwa wenzangu wanaofungua mabelo ya michezo, nikarudi na raketi mbili nzuri, kisha nikapanda kwenye kiti nikaishusha ya baba, ile ya mbao, iliyokuwa ikining'inia juu ya mlango. Ukijumlisha na yake, zikawa nne. Zote niliziwamba upya kwa mkono wangu, nyuzi za aina moja, mvuto mmoja, ili asije akapata kisingizio.

Ijumaa baada ya swala tukashuka Jangwani, kwenye ukuta wa ghala moja ambako watoto huchezea mpira. Matope ya mvua yalikuwa hayajakauka vizuri na mbingu ilikuwa imefunga tena. Tukaanza.

Nilizijaribu mimi kwanza, kama baba alivyotufundisha: anayewamba ndiye anayepiga mpira wa kwanza. Ile yake naijua kama sufuria zangu. Si nzito, si nyepesi, kichwa cha wastani, inakwenda unakoituma. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, mwili mwembamba na kichwa kidogo. Hiyo ni ya mtu anayejua. Ukiupata mpira katikati husikii kitu, unaona tu mpira umeondoka. Ukiukosa katikati, inakuambia mpaka kwenye kiwiko kwamba umekosa. Ya tatu nyepesi kama ufagio wa chelewa, kichwa kipana, inasamehe sana. Mpira unaruka wenyewe, hata ukiugusa kwa uvivu, lakini mtetemo wake unapanda mkononi na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Ya baba ni ya kizamani, inapinda kidogo mpira unapotua, halafu inausukuma kwa upole. Inachelewa, lakini mkono unastarehe.

Nilirudi na jasho usoni na nilikuwa na furaha kidogo, maana kazi yangu ilikuwa imetulia. Zote nne zilikuwa na sauti moja.

Abbasi akachukua ile nyeusi. Alipiga mipira michache safi, miguu yake bado ni ile ile, anafika mapema kuliko mpira. Halafu kichwa cha raketi kikaanza kushuka. Mpira ulikuja, yeye alikuwepo, raketi haikuwepo.

"Nzito hii," akasema.

Nikampa ile nyepesi. Mpira wa kwanza ukapita juu ya ukuta. Wa pili ukagonga pembeni mwa kichwa, raketi ikageuka mkononi mwake ikamtazama yeye.

"Hii ni ya kina mama," akasema, na mimi mama nimesimama pale.

Ya baba aliishika kwa heshima, kwa bismillahi. Alipiga mara moja, polepole, vizuri mno, nikamwona baba. Mara ya pili raketi ilimponyoka ikaanguka kwenye matope. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaipangusa kwa shati lake jeupe, akarudi kwangu.

Tulikaa kwenye tofali. Muuza kahawa wetu, ambaye huzunguka kutoka Msimbazi mpaka kule bondeni, akapita na birika lake. Akamjazia Abbasi kikombe. Abbasi akanyoosha mkono wa kushoto, akakipokea, akanywa kwa mkono huohuo. Muuza kahawa alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Mtoto wa Mwinyimvua anapokea kwa kushoto! Baba alikuwa akituchapa vibao vya vidole kwa kosa hilo, hata mgeni akiwepo. Nikautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja juu, ule mnofu wa chini ya kidole gumba umekwisha, pamebonyea. Na kifungo cha shati lake cha juu kilikuwa wazi. Nikakumbuka kwamba kilikuwa wazi wiki nzima.

Nikajua pale. Niliogopa. Na mimi nikiogopa hukasirika, kwa hiyo nikaanza kuzitukana raketi.

"Takataka tu hizi," nilisema. "Siku hizi wanatuletea makombo ya Ulaya. Na ya baba mbao zimeshakufa."

"Eeh," akasema Abbasi. "Zimekufa."

"Umeenda hospitali?"

"Hospitali nikafanye nini? Nyuzi zinatibiwa hospitali?"

Mvua ikaanza kudondoka, tukaondoka.

Jumamosi asubuhi alinikuta nafungua duka. Alikuwa amevaa nguo zake nyeupe, amezipiga pasi, na mkononi ameshika utepe wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, ule wa kufungia mizigo.

"Nitacheza na yangu," akasema. "Nifunge."

"Nikufunge nini?"

"Mkono. Ufunge na raketi." Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Dada, seti moja tu. Wakiniona nacheza leo, wataniacha kazini mwaka mwingine. Nikitoka pale, nitakwenda wapi?"

Ningekuwa mtu mwenye busara ningemkumbatia nikamwambia basi. Lakini mimi nina mikono, sina busara. Nikamkalisha kwenye kigoda cha baba, nikakunja vidole vyake kimoja kimoja kwenye mshikio, vilikuwa vya baridi, nikavifungia ule mpira kwa fundo la kitanda, lile alilonifundisha baba. Fundo hilo halina mchezo. Kadiri mtu anavyolilalia ndivyo linavyokaza, na haliachii mpaka likatwe. Juu yake nikazungusha kitambaa cheupe.

"Wakikuuliza, sema una lengelenge," nikamwambia. Kisha nikamfunga kifungo cha shati. Akainua kidevu, akaniacha nikifunge.

Nilimfuata klabuni. Sikuwa na sababu ya kwenda, ila nilitia mkasi wa nyuzi kwenye pochi na kuvaa baibui yangu nzuri. Wanakamati walikuwa wamekaa kwenye kibaraza na chai zao. Mzee Abdulrazak, kofia ya vito kichwani, alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Badria, leo umekuja kutukagua?" Watu wakacheka. Mimi pia.

Na wallahi, Abbasi alicheza! Raketi haikuzunguka tena, haikuwa na pa kuzungukia. Nguvu hakuwa nazo, lakini akili ya uwanja haikuwa imemtoka. Alimpeleka Heriel kushoto, akamwita mbele, akamrudisha nyuma. Kibarazani wakapiga makofi. Nilijikuta naomba dua kwa sauti, na bibi mmoja aliyekaa karibu nami akasema amina bila kujua ya nini.

Kisha nikamtazama Heriel. Kijana alikuwa anampelekea mipira palepale anapotaka, laini, kama unavyomrushia mtoto. Alikuwa ameona. Nilimchukia kwa huruma yake, na hapohapo nikamwombea heri. Seti ikaisha, Abbasi kashindwa kwa tofauti ndogo ya heshima.

Mzee Abdulrazak akashuka ngazi mwenyewe, anacheka, akaingia uwanjani.

"Nani kasema Abbasi kaisha? Haya njoo hapa, mwanangu." Akanyoosha mkono wa kulia.

Hilo sikulifikiria. Nilifikiria mpira, wavu, jua, jasho. Sikufikiria kwamba mchezo ukiisha watu hupeana mikono.

Abbasi alisimama. Nilimwona akivuta raketi kwa mkono wa kushoto, ile namna ya haraka ya mtu anayehamisha kitu mkono huu kwenda mkono ule. Haikutoka. Akavuta tena. Fundo la baba likakaza. Mkono wa mzee ulikuwa bado umenyooshwa na watu wote wakautazama. Basi Abbasi, aliyelelewa na mtu aliyemchapa kwa kupokea hata kikombe cha maji kwa kushoto, akampa mzee wake mkono wa kushoto.

Mzee Abdulrazak alirudisha wa kwake. Uso ulimbadilika. Halafu akatazama chini, akakiona kitambaa kimelegea na mpira mweusi umeshika vidole vilivyopoteza damu. Ningependa angekasirika. Angemfokea, nami ningemfokea, mambo yangekwisha. Yeye alimshika bega tu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Kapumzike sasa."

Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya mtaani, hakuna aliyenizuia. Nikatoa mkasi, nikakata. Raketi ikaanguka chini kwa kishindo, mkono ukabaki hewani nusu umekunjwa, haufungi, haufunguki. Heriel aliiokota raketi, akanipa mimi, hakuweza kumtazama mwenzake.

Tulirudi kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo kwenye makelele ya Jumamosi. Watu wa mikokoteni walitupigia kelele tuwapishe. Nilibeba raketi kwapani. Yeye alitembea mbele kidogo, mkono ameuweka mfukoni. Tulipofika mbele ya fremu yangu akasimama.

"Dada, katika zile nne, ipi ilikuwa mbaya?"

Nilifungua mdomo niseme nyeusi, niseme nyuzi, niseme makombo ya Ulaya. Nikachoka.

"Hakuna," nikasema. "Zote zilikuwa nzuri, Abbasi. Zote."

"Najua," akasema. "Nilijua siku nyingi. Nilikuwa nasubiri na wewe ujue, maana nikikwambia mimi utalia."

Sikulia. Labda kidogo. Nilimwambia Jumatatu tunaenda hospitali na atake asitake nitamburuta, akasema sawa, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, na upole huo ndio ulionivunja zaidi ya vyote.

Muuza kahawa akatokea na birika lake, akagonga vikombe. Nikaagiza viwili. Akajaza cha kwanza, akamnyooshea Abbasi, na Abbasi akatoa mkono wa kushoto. Yule bwana akasita, kikombe kikining'inia kati yao, kahawa inatoa moshi.

"Unaangalia nini?" nikamwambia. "Mpe."

Akampa. Akajaza cha pili, akaninyooshea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mtupu, raketi nilishaiegemeza mlangoni. Nikapokea kwa kushoto.