Shahidi Tuliyempeleka Wenyewe

Kumpeleka Shangazi mahakamani lilikuwa wazo la Bosi, na mpaka leo nikilikumbuka sijui nicheke au nimzabe kibao.

Bosi ni kaka yetu mkubwa. Hajawahi kuwa bosi wa mtu yeyote, ila tangu baba afariki alianza kutembea na funguo zote za nyumba kiunoni, zikimlilia kama mlinzi wa ghala. Kikao cha familia kilimpitisha awe msimamizi wa mirathi. Mimi nilinyoosha mkono kukubali, maana nina cherehani na wateja wenye midomo, na nani alitaka kushinda kwenye foleni za mahakama? Shangazi hakunyoosha. Alikuwa jikoni akichemsha chai ya kikao.

Shangazi ni dada wa baba, walizaliwa wawili tu. Aliishi kwenye chumba cha uani tangu kabla sijazaliwa. Alitubeba, akatupikia, akamfulia baba mashati mpaka wiki aliyofariki. Na kila alipotaka kuingia sebuleni aligonga kwanza, akapiga hodi. Baba alikuwa anamjibu, "Pita," bila hata kugeuka kutoka kwenye redio yake. Tulikua tukiona hivyo, tukaona ni kawaida.

Bosi alikuwa keshapata mnunuzi wa nyumba. Akamwambia Shangazi afungashe, chumba kinatakiwa mwisho wa mwezi.

"Ataenda wapi mtu mzima yule?" nilimuuliza.

"Kwani wewe una chumba cha ziada?"

Sina. Nikafyata mkia, na begi la Shangazi likahamia barazani.

Sasa, mahakama ilitaka shahidi, mtu anayemjua marehemu na ukoo wake. Bosi akapiga hesabu zake, akaona hakuna shahidi wa bure kumzidi Shangazi. Tulipokuwa kwenye benchi la nje akamnong'oneza, "Ukiulizwa, sema tu mimi ni mtoto wa marehemu. Usiongeze chumvi."

Chumba chenyewe cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kelele na jasho liko palepale. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa na mafaili mawili mezani. Sisi tulikuwa tumefungua moja tu.

"Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Dada yake, mheshimiwa. Baba mmoja, mama mmoja."

"Baba yenu, wewe na marehemu, alipofariki, wewe ulipewa fungu lako?"

Shangazi akamgeukia Bosi, kana kwamba jibu analo yeye. "Fungu la nini?"

Hakimu akavua miwani, akalifungua lile faili la pili, la zamani. "Kijana," akamwambia Bosi, "nyumba mnayotaka kuigawa ni ya babu yenu."

"Mheshimiwa, hati ina jina la baba!"

"Ina jina lake kama msimamizi. Msimamizi anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni yake, anawagawia warithi, halafu analeta taarifa hapa. Baba yenu hakugawa na hakurudi. Hii nyumba haijawahi kuwa yake peke yake. Mnatakiwa kuanza na mirathi ya babu, na mtoto wake aliyebaki hai ni huyu shahidi wenu."

Funguo kiunoni mwa Bosi zilinyamaza kwa mara ya kwanza. Nikamtazama Shangazi, nikidhani atapiga vigelegele palepale.

"Alijua?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Kaka yangu."

Hakimu akashusha sauti. "Aliapa hapahapa, mama. Alielezwa kila kitu."

Baba yangu, aliyekuwa akiturudisha dukani kwa sababu ya chenji iliyozidi! Nilidhani nimeshamaliza kumlilia, kumbe sikuwa nimeanza. Safari hii nililia kwa hasira.

Tulipofika nyumbani, Bosi alilirukia lile begi barazani, ghafla amekuwa mpole kama kanyeshewa. "Shangazi, ngoja nikuingizie. Chumba chako si kipo?"

"Liache."

Akasimama mbele ya mlango wa sebule. Mkono wake ukapanda wenyewe kugonga, kama siku zote, ukaishia hewani. Mlango ulikuwa wazi. Kiti cha baba kilionekana, na redio yake pembeni, na shati moja alilolipiga pasi Shangazi likiwa bado limetundikwa ukutani.

Aliushusha mkono polepole. Alipogeuka kututazama, hakuwa na furaha hata chembe.

"Miaka yote napiga hodi, wanangu," akasema. "Na yeye ananijibu pita."