Sefina Chini ya Mkeka

Katika kiwanda cha tui la nazi, upande wa kusini wa kisiwa cha Upolu, wanawake walitegeana vitendawili ili mikono isihisi kuchoka. Aliyeshindwa kutegua alitoa mji, na aliyetega alistarehe nao mpaka mji ukawa wake. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha Fuatino, binti mcheshi aliyelisha mashine ya kukuna nazi. Kimetoka kwa mmoja, kimejaa nyumba nzima, na mwenyewe hajulikani. Huyu akasema moshi, yule akasema harufu ya samaki. Fuatino aliwaacha watoe miji yote ya kisiwa, Apia yenyewe ikaenda, ndipo akawaambia kuwa ni ushuzi kanisani. Hata Sefina, msimamizi wao, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Sefina hakuwa msimamizi wa kusimama tu. Alifika wa kwanza, akala wa mwisho, na mtu akiugua yeye ndiye aliyeshika nafasi yake. Kazi ile alipewa na Vaelupe, meneja wa kiwanda, mtoto wa baba yake mkubwa. Kwao mtoto wa baba mkubwa ni kaka, hakuna cha binamu. Tena Vaelupe ndiye aliyekabidhiwa jina la ukoo, kwa hiyo nyumbani alikuwa mkuu wake na kazini mkuu wake vilevile. Mtu akikushika masikio yote mawili, utageuzia wapi kichwa?

Mdomo wa ile mashine ulikuwa na kinga ya chuma iliyopitisha nazi mojamoja, polepole, kama bibi anayechambua mchele. Wiki moja meli ya kwenda New Zealand ilikuwa inangoja mzigo, na nazi zilikuwa zimerundikana mpaka mlangoni. Vaelupe akaja, akalitazama lile rundo, akamwagiza Sefina aitoe kinga.

Sefina akamwambia kwa upole kwamba mashine ile ina meno.

"Na meli ina miguu, dada," Vaelupe akasema. "Ikiondoka haitatungoja. Fungua."

Sefina akashika bisibisi. Wanawake walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme, na Fuatino mwenyewe akatania kwamba leo mashine itakula pilau. Sefina akafungua, parafujo moja baada ya nyingine. Mchana ulipogeuka, mkono wa kulia wa Fuatino uliifuata nazi ndani. Uliporudi ulikuwa na kidole gumba tu.

Vaelupe alikuja mbio. Neno la kwanza aliloliuliza ni kama damu imeingia kwenye tangi.

Kesho yake kinga ilikuwa mahali pake, imekazwa vizuri, na hakuna aliyesema ni nani aliyeirudisha. Talaia, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliitazama akasema, "Kitendawili cha Fuatino kimepata jibu jipya." Hakuna aliyecheka.

Kwa watu hawa, mtu wa ukoo akimwaga damu ya wengine, mkuu wa ukoo hujifunga kibwebwe. Huenda alfajiri mbele ya nyumba ya waliotendewa, huketi chini, hufunikwa mkeka mwororo wa ukoo, naye hungoja. Wenyewe wakitaka watamwacha jua limkaange. Wakiufunua mkeka, wamesamehe, na jambo lile halitajwi tena. Desturi hiyo huiita ifoga. Sefina hakulala wala hakula, alimngoja Vaelupe auchukue mkeka aende. Siku zikapita. Mwishowe akaenda nyumbani kwake, akamkuta anakunywa kakao, akaketi chini karibu na mlango.

Alimwambia kwamba watu wanawatazama. Vaelupe alimsikiliza vizuri, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akasema mambo mengi: kwamba meneja akipiga magoti wenye kiwanda huko ng'ambo watadhani kiwanda kizima kimepiga magoti, kwamba moyo unamuuma, kwamba hata usingizi hapati. Sefina alimwona mashavu yamemnona.

"Nenda wewe, dada," Vaelupe akasema mwishowe. "Wanakupenda. Na bisibisi ilikuwa mkononi mwako."

Akainuka, akaenda kwenye sanduku, akatoa mkeka wa ukoo, ule ambao bibi yao aliusuka mpaka macho yakapofuka. Akamwekea magotini kwa mikono yake miwili. Sefina akalia. Alidhani kaka ameshika upande mmoja wa mzigo.

Alimwomba Talaia amsindikize. Talaia akakataa katakata.

"Anayekaa pale ni mwenye kosa, shoga yangu. Wewe unakwenda kuvaa nguo ya mtu mwingine."

"Bisibisi nilishika mimi."

"Na wewe ulishikwa na nani?"

Sefina akaukunja mkeka. Kwa kweli hakutaka kujitoa. Kiongozi ni yule anayesema "mimi" wakati wengine wanasema "sisi", hivyo ndivyo alivyolelewa. Akaenda peke yake.

Chini ya mkeka kulikuwa na joto na harufu ya sanduku. Alisikia kuku, akasikia watoto wakinong'ona na kuchapwa, akasikia Matalena, mama yake Fuatino, akitoka na ufagio. Matalena alifagia uwanja wote. Alipomfikia Sefina akafagia kumzunguka, taratibu, kama mtu anavyozunguka jiwe, akarudi ndani. Jua likapanda. Jasho likamwingia machoni, magoti yakafa ganzi. Kisha mkeka ukainuliwa, na Matalena akapiga magoti mbele yake, wakakumbatiana na kulia mpaka wote wakakosa sauti. Wakaomba Mungu. Wakapakua chakula. Fuatino alikaa kwenye kona, mkono umefungwa kitambaa.

Sefina alirudi nyumbani mwepesi kama aliyejifungua.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa serikali kutoka Apia, kijana mpole mwenye kofia, kutaka kujua ni nani aliyeamuru kinga itolewe. Kama amri ilitoka kwa kiwanda, kiwanda kingemlisha Fuatino maisha yake yote. Aliuliza mbele ya wanawake wote. Vaelupe akajikohoza.

"Mwenye kosa alishajitaja," akasema. "Aliketi juani, kijiji kizima kikamwona. Mimi nitaongeza nini?"

Sefina akasimama akasema kila kitu: meli, rundo la nazi, amri, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Talaia akasimama naye, na wengine wawili. Vaelupe akamtazama kwa huruma.

"Dada yangu ana uchungu," akamwambia mkaguzi. "Lakini asingekuwa na kosa, angejifunika mkeka?"

Kijana yule alikuwa mtu wa huko huko. Akainamisha macho. Alisema hata hivyo atakwenda kwa wenyewe, nyumbani kwa Fuatino, maana wakishtaki wao, yeye ataandamana nao mpaka mwisho. Sefina akamfuata nyuma kama mtoto anayefuata mama sokoni.

Matalena aliwakaribisha vizuri. Aliposikia walichotaka, akakunja uso. Akasema yeye alishasamehe mbele ya Mungu na mbele ya kijiji. Mkeka ule ulikuwa mkeka wa ukoo wa Vaelupe, na aliyeupokea kaupokea pamoja na ukoo wote. Leo alifukue jambo lile tena? Watu watamwita mama anayekula matapishi yake. Sefina alimpigia magoti mara ya pili, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyedanganyika, wala siku ile hakuja kumwombea Vaelupe radhi. Matalena akamwinua kwa upendo, na upendo ule ukamkata kuliko ufagio.

"Limekwisha, mwanangu," akasema. "Ulilimaliza wewe mwenyewe."

Mkaguzi akavaa kofia yake. Kabla ya mwezi kuandama, Sefina aliondolewa usimamizi, akapelekwa uani kufua nazi, na Vaelupe akasifiwa kanisani kwa ukoo wake kujua kunyenyekea.

Jumapili moja, baada ya ibada, Fuatino alikuja kwa Sefina na sahani ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Aliishika kwa mkono wa kushoto, na ule mwingine ameutegemeza chini yake. Mama yake ndiye aliyemtuma, maana waliosameheana hupelekeana chakula.

Sefina alimketisha. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba bado kuna njia: Fuatino ni mtu mzima, anaweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe, na yeye Sefina atasimama kusema popote watakapomwita.

"Mama kasema limekwisha," Fuatino akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikuulizwa, dada Sefina. Siku ile nilikuwa nimekaa pale, mkono unapwita, mnalia, mnakumbatiana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wewe pia hukuniuliza."

Fuatino aliuweka mkono wake mapajani, akaufunika kwa ule mzima.

"Mama anataka sahani yake," akasema. "Kula, nitangoja."

Sefina akala, mpaka majani ya mwisho, Fuatino akimtazama.