Herufi Mia Sita za Naima

Mwaka 1996 maabara yetu ya Chang'ombe ilikuwa na kompyuta moja, na mimi Projestus niliilinda kama kuku mwenye vifaranga. Asubuhi ile nilimruhusu mgeni aisogelee: Bi Mwamvita, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Temeke.

Mjukuu wake Naima alikufa kwa malaria. Tangu matanga, binti yake Zubeda, mama wa mtoto, hasemi naye, maana anaamini bibi alisahau kumpa mtoto vidonge. Damu ya Naima, iliyochukuliwa alipougua, tulikuwa nayo. Tulikwisha kusoma kipande cha maandishi ya urithi ya vimelea vya malaria vilivyokuwamo, herufi mia sita, zote A, C, G na T, tukaziandika daftarini. Sasa kompyuta izilinganishe na za vimelea vinavyokufa kwa dawa.

Msaidizi wangu wa kunisomea hakutokea. Bibi akavaa miwani.

"Herufi nne tu? Lete daftari. Mie nisome, wewe ugonge."

Alisoma kwa mahadhi, mstari baada ya mstari, nami nikagonga. Kompyuta ikajibu kwamba havifanani hata kidogo.

Nilipiga meza kwa hasira. Damu imeharibika, nikawaza, na bibi wa watu nimempa matumaini ya bure. Nilipoinama kuchukua daftari, nikaona kidole chake kimetua mwisho wa kusoma, upande wa kushoto.

"Shikamoo tena, Bibi. Mstari umeanzia wapi?"

"Marahaba. Kulia. Kwani nyie mnaanzia wapi?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikaiamuru kompyuta igeuze kila mstari.

Zikaja nyota, moja chini ya kila herufi inayofanana, zikajaza karibu kioo chote. Kidudu kisichoonekana kwa macho kilikuwa kimebeba maandishi yale yale ya wenzake wa nchi nisizozijua, na mashine ile ya mezani imewatambua kwa sekunde chache! Niliogopa kidogo, sioni haya kusema.

"Hapa hapana nyota," Bibi alisema.

"Kwa wenzake ni G, kwa huyu ni A. Dawa hushikia hapo, Bibi. Kwa huyu ilikosa pa kushika."

"Herufi moja?"

"Moja tu. Hata ungempa mara kumi."

"Subhanallah." Alivua miwani. "Nilimpa, mwanangu. Lakini Zubeda kasema sana, mpaka na mie nikaanza kuamini nilisahau."